Wiki sita za kwenye tivii na ukuta wako wa Chumbageni

Jamani nimechoka. Siku hizi mteja akija saiti kabla hata hajasalimia vizuri anatoa simu, ananiwekea klipu ya kipindi cha Wamarekani cha kukarabati nyumba, kabla na baada, halafu swali ni lile lile: fundi, mbona wale wanamaliza wiki sita na wewe wasema miezi minne? Hapa Tanga nimeulizwa Raskazone, nimeulizwa Makorora, juzi nimeulizwa na mzee wa watu pale Pongwe ambaye kiwanda cha simenti anakiona kutoka barazani kwake. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii nami nikanywe chai yangu.

Vipindi vyenyewe sivichukii. Nyumbani vinaangaliwa sana na mimi nakaa pembeni nakosoa mpaka nafukuzwa sebuleni. Ni burudani nzuri, ila watu wameifanya ratiba ya kazi.

Dhana: ukarabati ni wiki chache, fundi wa Tanga ni mvivu tu

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwanza zile wiki zinaanza kuhesabiwa lini? Kamera inawashwa wakati mchoro umeshachorwa, kibali kipo, makabati yameshaagizwa, madirisha yameshapimwa. Wewe wiki zako unaanza kuzihesabu siku uliyonipigia simu, na siku hiyo hujajua hata choo unakitaka upande gani. Halafu kuna suala la watu. Kile kipindi cha Extreme Makeover: Home Edition kilichoanza 2003 kilikuwa kinajenga nyumba ndani ya siku 7, kweli kabisa, lakini familia inapelekwa likizo, wanaingia wafanyakazi na watu wa kujitolea mamia, mchana na usiku kwa zamu, vifaa vingi vya msaada. Wewe umenipa mafundi wawili na saidia fundi mmoja ambaye Ijumaa haji.

Lakini hata ningepewa watu mia, tatizo kubwa liko palepale. Nyumba zao nyingi ni fremu ya mbao, ukuta wa ndani ni mbao zimesimamishwa halafu bodi za jipsam zinafungwa kwa skrubu. Ile ni kazi kavu. Leo ukuta haupo, kesho upo, viungio vinapigwa puti, vinakauka, inakuja rangi. Huku kwetu ni bloku, zege, udongo wa simenti, plasta, kila hatua ina maji ndani yake, na yale maji yana muda wake, hata ukimsimamia fundi na kiboko hayaongezi spidi.

Na hapa watu wanachanganya. Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Simenti inashikana na maji ndiyo inakuwa ngumu, ikikosa maji mapema inabaki dhaifu, ndiyo maana namwambia kijana amwagilie asubuhi na jioni wiki nzima, afunike na magunia yaliyolowa au nailoni, maana jua letu na upepo wa bahari unanyonya maji haraka sana. Baada ya siku 7 zege lililomwagiliwa vizuri lina kama theluthi mbili ya nguvu yake, na siku 28 ndiyo kipimo ambacho wahandisi wanakitumia kusema hili limefika. Sasa mteja anakuja siku ya tatu anakuta kijana ana ndoo, anasema "mnamwaga maji tu hapa, kazi haiendi". Mama yangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe!

Plasta nayo ni hivyo hivyo. Simenti mbichi ina ukali kama wa magadi, ukiipaka rangi ya mafuta kabla haijapoa ule ukali unakula rangi, inakuwa na madoa, inanata, baadaye inabanduka. Nilishaitwa nyumba moja Chumbageni, sebule imepigwa plasta, skimu (lile koti laini la juu) na rangi ndani ya siku kumi kwa sababu Idd ilikuwa inakaribia na mwenye nyumba alitaka wageni waone. Mimi nilifika wakati wa masika. Ukuta umeota malengelenge saizi ya maandazi, ukibonyeza kwa kidole yanapasuka na ndani unatoka ungaunga mweupe wa chumvi, na chini kwenye skatingi rangi imejikunja yenyewe kama karatasi iliyopita karibu na moto. Bi mkubwa ananiambia wapake tena juu yake, labda rangi ilikuwa feki. Rangi haikuwa feki. Tulikwangua ukuta mzima, tukauacha wazi, tukasubiri, gharama ikawa mara mbili.

Ushauri wangu ambao nawaambia wote na wananiona mkorofi: chukua kipande cha nailoni inayoonyesha, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, hewa isiingie, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani au ukuta pale umekuwa mweusi, ukuta bado una maji, weka brashi chini. Haigharimu chochote na inamaliza ubishi, maana mimi mtu asiponiamini sibishani naye, nambandikia nailoni.

Nyumba za zamani ndiyo kabisa. Zile za mawe ya matumbawe na chokaa, zipo hapa mjini, zipo Pangani, zipo Bagamoyo, hazikuwekewa nailoni ya DPC, ile ya kuzuia unyevu, kwenye msingi kama tunavyofanya sasa, unyevu unapanda kutoka ardhini na miaka yote chokaa imekuwa ikiutoa taratibu kwa nje. Anakuja mtu ameangalia kipindi, anataka ukuta laini unaong'aa, wanampigia plasta ya simenti nzito na rangi ya mafuta juu. Wameuziba pumzi. Maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, chumvi inasukuma plasta, baada ya misimu miwili ya mvua inadondoka vipande na inaondoka na jiwe. Nyumba hizo zirudishiwe chokaa, koti jembamba, lishike, ndipo koti jingine, na chokaa inashika polepole kuliko simenti kwa sababu inategemea hewa. Sijawahi kuona kipindi kinachoonyesha watu wakiisubiri chokaa, nani angeangalia?

(Na mchanga wa ufukweni tafadhali. Ni wa bure, najua, mkokoteni tu. Una chumvi, na ile chumvi inakula nondo, nondo ikipata kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Sitaki kuuona saitini kwangu.)

Dhana: ukuta unaangushwa tu kwa nyundo, jiko linakuwa la wazi

Kwenye tivii ile siku ya kubomoa ni sherehe, mwenye nyumba anapewa nyundo kubwa, miwani, anapiga, watu wanashangilia. Kabla ya hapo umeme umezimwa na maji yamefungwa, na mtu mwenye taaluma ameshasema ukuta upi unabeba mzigo na upi haubebi. Wao wenyewe wakitoa ukuta unaobeba wanaweka bimu. Nyumba zetu nyingi kenchi za paa zimelala juu ya ukuta wa korido, ukiutoa huo ili uone jiko kutoka sebuleni paa linabonyea taratibu, hutalisikia siku hiyo. Ukitaka kugusa kuta mtafute mhandisi na uende ofisi za Jiji kuchukua kibali. Basi.

Na lile vumbi la kubomoa. Marekani rangi yenye madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, nyumba za kabla ya hapo zina sheria zake za kukwangua. Mwaka 2018 kampuni ya wale wenye kipindi cha Fixer Upper, Chip na Joanna Gaines wa Waco, Texas, ilikubali kulipa faini ya dola 40,000 baada ya mamlaka ya mazingira kuona kwenye vipindi kwamba taratibu hizo hazikufuatwa. Yaani ushahidi ulikuwa kipindi chenyewe! Huku kwetu kichwa changu kinauma zaidi na paa za asbesto kwenye nyumba za zamani. Zisivunjwevunjwe, zisikatwe kwa msumeno, vijana wasizitupe kutoka juu, vumbi lake linakaa kwenye mapafu na madhara yanakuja miaka mingi baadaye.

Dhana: bajeti waliyotaja ndiyo bei

Vipindi vinatofautiana. Kuna ambavyo mwenye nyumba analipa ukarabati wote mwenyewe, kuna ambavyo kampuni zinatoa vifaa bure au kwa punguzo ili jina lionekane. Wewe huoni mkataba, waona namba tu kwenye skrini, halafu unaibadilisha kuwa shilingi unaniletea. Haina maana yoyote kwangu. Nionyeshe bei ya mfuko wa simenti na tripu ya kokoto wiki hii hapa Tanga, ndiyo tuongee. Na kwenye nyumba ya zamani ongeza asilimia 20 ya dharura usiizungushe kwenye sofa, maana nikifungua sakafu sijui nitakuta nini na wewe hujui.

Sofa zenyewe! Watu wanadhani familia inakabidhiwa nyumba na kila kilichomo. Kwenye Fixer Upper hiyohiyo samani nyingi zililetwa kwa ajili ya picha, ukizitaka unanunua. Na kule House Hunters ambako watu wanachagua kati ya nyumba tatu huku wanakuna kichwa, mwaka 2012 ilijulikana wazi kwamba wanunuzi huwa wameshaipata nyumba yao kabla ya kamera kuja. Zile mbili nyingine wanazunguka tu.

Dhana: nitanunua gofu la nyumba, nikarabati, niuze, faida nono

Hii inakuja na vijana wenye hela kidogo ya Dar. Wamesikia Ngamiani kuna nyumba za udongo na fito zinauzwa, wamepiga hesabu ya tivii: bei ya kununua, gharama ya kukarabati, bei ya kuuza, toa, umebaki na mamilioni. Kwanza ile bei ya kuuza kwenye baadhi ya vipindi ni makadirio, nyumba yenyewe siku ya kurekodi haijauzwa. Pili soko la wenzetu linasukumwa na mikopo ya nyumba, mnunuzi anaenda benki. Huku wengi wananunua kwa pesa mkononi, na mwenye pesa yote mkononi mara nyingi anapendelea kiwanja ajenge chake. Nyumba inakaa na bango, umeweka mlinzi, hewa ya chumvi inaanza kula bati na grili zako mpya.

Halafu nyumba nyingi za mitaa ya zamani ni za urithi. Umeuziwa na ndugu wawili, umepiga plasta, umeweka marumaru, anatokea baba mdogo kutoka Muheza anasema mimi sikusaini. Kipindi gani kimewahi kuonyesha baba mdogo? Karatasi za mirathi ziangaliwe na mwanasheria kabla sijaleta hata toroli.

Ukifanikiwa kuuza kuna dalali, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Faida hiyo inapigwa baada ya kutoa ulichonunulia na ulichokarabatia, lakini lazima ukithibitishe. Kwa hiyo ukinituma dukani halafu ukaniambia "fundi chukua bila risiti tupunguziwe", jua hiyo bati ukifika TRA, kwa watu wa kodi, ni kama hukuinunua. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipige picha siku hiyohiyo kwa sababu ile karatasi inafutika.