Mtoto wa Niger huumia zaidi mvua inaponyesha

Dhana: Katika nchi ya jangwa, kinachomtesa mtoto ni ukavu tu.

Sehemu kubwa ya Niger ni Sahara, ila watu wengi wanaishi ukanda wa kusini: Niamey, Maradi, Zinder. Huko karibu mvua yote ya mwaka hunyesha Juni hadi Septemba, na ndiyo miezi wodi za watoto zinapofurika. Uwele wa mwaka jana umekwisha ghalani, mpya ungali shambani, na madimbwi yanazaa mbu. Njaa, malaria na kuhara vinamkuta mtoto yuleyule. Msimu huu mgumu ulikuwepo tangu zamani. Mabadiliko ya tabianchi yanauzidishia ugumu. Mvua ikianza kisha ikakatika, miche hukauka na familia hupanda tena kwa nafaka iliyokuwa ya kupikwa.

Dhana: Jangwani hakuna mafuriko.

Mwaka 2024 mafuriko yaliathiri zaidi ya watu milioni moja nchini Niger, na ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi mwishoni mwa Oktoba. Ardhi iliyoshika gamba gumu hainywi maji haraka, na hewa hubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7 kila joto linapopanda nyuzi 1. Nyumba za matofali mabichi hulowa kuanzia chini, kuta zikaanguka. Visima navyo huingiliwa na maji ya vyoo.

Dhana: Joto likifika nyuzi 45, mtoto mchanga apewe maji.

Hapana. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, yanamtosha mtoto hadi miezi 6 hata Aprili na Mei, kilele cha joto. Maji ya kikombe humjaza tumbo bila lishe na humwingizia vijidudu. Wa kuongezewa maji ni mama, na mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Dhana: Mtoto mwenye mashavu ya kujaa hana njaa.

Mashavu yanaweza kuwa uvimbe. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde 3. Shimo likibaki pande zote mbili, huo ni utapiamlo mkali, hata kama utepe wa rangi wa kupimia unene wa mkono unasoma kijani, yaani salama.

Utepe hutumika kuanzia miezi 6 hadi 59. Kunja kiwiko cha mkono wa kushoto, tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, kisha acha mkono uning'inie ndipo uzungushe utepe. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: apelekwe kwenye matibabu. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano. Kosa la kila siku ni kuukaza mno, na mtoto mwenye afya akaonekana mgonjwa. Ukilegea, mgonjwa anarudishwa nyumbani.

Dhana: Mtoto akishapewa dawa ya kinga ya malaria na mhudumu, basi.

Kinga ya msimu wa mvua hutolewa kila mwezi kwa watoto wa miezi 3 hadi 59, na kila mzunguko ni wa siku 3. Siku ya kwanza mtoto humeza mbele ya mhudumu. Vidonge vya amodiakwini, moja ya dawa za kinga hiyo, vya siku ya pili na ya tatu huachiwa mama. Ni vichungu, mtoto hutapika, na vidonge vilivyobaki mara nyingine huwekwa akiba ya homa ijayo.