Fireball moja, goblini nane: rusha dameji kwanza

Kwenye Dungeons & Dragons, geimu ya mezani ya kuigiza mashujaa kwa dadu, mchawi kafika leveli ya 5, kapata Fireball, uchawi wa mlipuko wa moto, anaitupa katikati ya goblini nane, vijitu adui, meza nzima imesimama, halafu mwendesha geimu anaanza kurusha dadu ya pande 20 kwa kila goblini, moja moja, anaandika, anajumlisha, wa pili, wa tatu, hadi afike wa nane watu washashika simu. Inaniuma kweli, maana huo ndo utamu wenyewe na unapotea hivihivi.

Naongelea Dungeons & Dragons ya toleo la tano, sheria za 2014. Shambulio likidhuru wengi kwa mpigo mmoja, dameji, yaani uhai wanaopoteza, inarushwa mara moja tu, namba ileile kwa wote. Kinachotofautiana ni sevu, ile dadu ya pande 20 ya kujiokoa, kila mmoja na yake, akifeli anakula yote, akipasi anakula nusu. Sasa angalia: Fireball ni dadu nane za pande 6, wastani 28, na goblini wa kawaida ana uhai 7. Jumla ikifika 14 tu, nusu yake ni 7, kwa hiyo hata aliyepasi kafa, sevu unamrushia ya nini? Anza na dameji, wafute wote ambao wamekufa vyovyote vile, kisha sevu warushie waliobaki. Mara nyingi anabaki bosi wao mwenye uhai 21, na kwa 28 huyo sevu yake ina maana: akifeli kaisha, akipasi amebaki na 7. Dadu moja, na kila mtu anaiangalia.

Scorching Ray, uchawi mwingine wa moto, usiichanganye na hiyo jamani. Ile ni miale mitatu, kila mwale una rusho lake la kupiga na dameji yake, hata yote ikienda kwa mtu mmoja. Tumia dadu za rangi tatu, urushe zote kwa pamoja.

Na goblini nane wakimlenga shujaa mwenye kinga 18, yaani namba ya kufikia ili umpige? Wanaongeza 4 kwenye dadu, kwa hiyo wanahitaji 14, na hapo jedwali la kitabu cha mwendeshaji linasema kila washambuliaji watatu wanapata pigo moja, basi nane ni mapigo mawili. Kihesabu wangepata kama 2.8, kwa hiyo mchezaji kapunguziwa kidogo, ila ile dadu kutua 20, pigo kubwa la kushtua meza, haipo tena. Ndo maana wakiwa watano kushuka chini mimi narusha dadu zote kwa mkupuo, jedwali naliacha kwa makundi makubwa.