Mfuatano au utafiti kwanza: programu ijengwe vipi?

Katika mtindo wa mfuatano, mahitaji yote huandikwa kwanza, kisha programu ikachorwa, msimbo ukaandikwa, ikajaribiwa, ikakabidhiwa. Hatua haianzi kabla iliyotangulia haijafungwa. Wengine huuita mtindo wa maporomoko: maji yakishashuka, kama pale Thomson kule Nyahururu, hayapandi tena. Kazi inayoongozwa na utafiti huanza na swali. Hawa watu hufanyaje kazi yao leo, na ni nini tunachokidhania tu? Unajenga kipande kidogo, unawapelekea, na majibu yao ndiyo yanayoamua utakachojenga kesho.

Kinachochekesha ni kwamba Winston Royce, Mmarekani anayetajwa sana kuwa baba wa maporomoko, alipochora hatua hizo mwaka 1970 alionya papo hapo kwamba kuzifuata hivyo tu ni hatari na ni kukaribisha kushindwa. Alishauri kitu kipya kijengwe mara mbili, cha kwanza kiwe cha kujifunzia. Watu walibeba mchoro, onyo wakaliacha.

Na sisi tuliliacha. Niliwahi kuwa kwenye kundi lililotengeneza programu ya hesabu kwa wauza omena (dagaa) hapa Kisumu. Waraka wa mahitaji ulikuwa safi, umetiwa sahihi, na kila mauzo yalikuwa kwa kilo. Siku ya kwanza sokoni Kibuye, mama mmoja aliishika simu, akaitazama, akaniuliza: "Kijana, gorogoro naandika wapi?" Omena yake hupimwa kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, au debe, na mteja wa kila siku lazima aongezewe konzi moja juu. Deni la mpaka jioni nalo hatukuliwekea nafasi. Jirani yake alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe, ambayo programu yetu haikuweza hata kuingia. Asubuhi moja ya kukaa kibandani pale ingetufunza yote hayo kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Lakini si kila kazi ni omena. Ukitakiwa kutengeneza programu ya mishahara ya shamba la maua Naivasha, makato yamewekwa na sheria: SHIF (mfuko wa bima ya afya) asilimia 2.75 ya mshahara, ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Hapo kumuuliza mfanyakazi angependa akatwe vipi ni kupoteza mchana (jibu lake unalijua). Andika kanuni, jenga, jaribu, kabidhi.

M-Pesa ilikuwa upande wa pili. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalilenga watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliojaribu wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao wenyewe, na ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangulizwa.

Kwa hiyo mimi hupima ujinga wangu kwanza. Nikiweza kueleza kazi ya mtumiaji, vipimo vyake na madeni yake bila kubahatisha, nafuata mfuatano. Nikibabaika, naomba mkataba ukatwe vipande viwili: wiki tatu za utafiti zenye maswali yaliyoandikwa na tarehe ya mwisho, maana utafiti usio na tarehe hula bajeti yote, halafu ndipo tukubaliane bei ya kujenga. Wateja wengi hununa wakisikia hivyo. Huwa nawasimulia habari ya gorogoro.