Kanzidata isiyo na skima: umbo la data linaamuliwa wapi?

Skima ni maelezo ya umbo la data ndani ya kanzidata, yaani mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi data: kuna majedwali gani, kila jedwali lina safu zipi, ipi inapokea namba, ipi maandishi, ipi hairuhusiwi kuachwa tupu. Kanzidata za kimahusiano, ambazo msingi wake uliwekwa na Edgar F. Codd wa IBM mwaka 1970, hutaka maelezo hayo kwanza, kisha hukataa rekodi yoyote inayoyakiuka. Kanzidata zisizo na skima, kama MongoDB iliyotoka mwaka 2009, hupokea kila hati (ndivyo rekodi inavyoitwa humo) kama ilivyoletwa.

Tuseme kuna programu ya kupeleka mizigo kwa bodaboda hapa Dar es Salaam. Mwanzoni anwani ya mteja ni maelekezo tu: Sinza Mori, nyuma ya kituo cha mafuta, geti la bluu. Baada ya operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, wateja wengine wanaleta jina la mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Penye skima, lazima jedwali lirekebishwe kwanza. Pasipo na skima, unaanza tu kuandika hati za umbo jipya, na za zamani zinabaki zilivyo.

Wengi hudhani hapo skima imeondoka. Haijaondoka, imehamia ndani ya programu. Kila sehemu ya programu inayosoma anwani sasa lazima ijue maumbo yote mawili. Namba za simu ndizo zinazoumiza zaidi: hati moja inaanza na 07, nyingine na +255, nyingine imehifadhiwa kama namba ya hesabu na sifuri ya mwanzo imepotea. Kanzidata haitasema kitu. Atakayegundua ni dereva aliyesimama Mwananyamala na mzigo wa watu, simu haiendi.

Kwa nini basi watu waliikimbia skima? Sababu kubwa ni mashine kuwa nyingi. Data ikigawanywa kwenye seva nyingi, badiliko la skima halifiki kote kwa wakati mmoja. Kwa muda fulani seva moja inajua safu mpya na jirani yake haijui, na katika muda huo data inaweza kuharibika. Wahandisi wa Google walieleza mwaka 2013 jinsi mfumo wao wa kanzidata uitwao F1 unavyopitisha badiliko kwa hatua ndogo ndogo, ili wakati wowote yasitumike zaidi ya matoleo mawili ya skima. Ni kazi ngumu, na si kila timu ina watu wa kuifanya.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho uhuru huo haukigusi: ufunguo, yaani sehemu ya data inayotumika kuitafuta rekodi. DynamoDB, kanzidata ya Amazon isiyo na skima, haikulazimishi kutaja sehemu nyingine za data, lakini ufunguo lazima uutaje, kwa kuwa ndio unaoamua data ikae kwenye mashine ipi. Ukichagua wilaya iwe ufunguo wa kugawanya oda, Dar es Salaam ina wilaya tano tu. Ilala, yenye Kariakoo yote, italemea upande mmoja, na mashine ya sita haitapata kazi hata ukiinunua. Kosa la namna hii ni zito kuliko safu iliyosahaulika, maana kulirekebisha ni kuhamisha data yote.

Zenyewe kanzidata zimesogeleana. MongoDB iliongeza kanuni za kukagua hati mwaka 2015, na PostgreSQL, ambayo ni ya kimahusiano, ilikuwa imeleta JSONB, aina ya safu inayopokea data ya umbo lolote, mwaka 2014, hivyo jedwali lenye safu kali linaweza kubeba pia sehemu huru.

Kwa programu ile ya mizigo, ningefunga kwa skima kiasi cha pesa, namba ya simu na hali ya oda. Maelezo ya bidhaa ningeyaacha huru, kwa sababu kitenge kinahesabiwa kwa doti, rangi kwa lita, na simu inahitaji IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa. Na kila hati huru ningeiwekea namba ya toleo la umbo lake, ili anayeisoma miaka ijayo asilazimike kukisia.