Uhamaji jumuishi wa wanafunzi ni nini?

Kwenye mbao za matangazo za vyuo vya Mbeya na Iringa, mara mojamoja hubandikwa karatasi inayowaalika wanafunzi kwenda kusoma muhula mmoja nje ya nchi, kisha warudi kumalizia shahada nyumbani. Kwenda na kurudi huko ndiko kunaitwa uhamaji wa wanafunzi. Unakuwa jumuishi pale mipango yake inapomfikiria tangu mwanzo yule ambaye kwa kawaida angebaki: wa kipato kidogo, mwenye ulemavu, mwenye mtoto wa kulea.

Wengi hudhani ujumuishi ni suala la nani anaruhusiwa kuomba. Kuomba, kila mtu anaomba. Kazi iko kwenye hela ya kuanzia. Chukua binti wa Makete anayesoma Iringa, mwaliko anao mkononi. Pasipoti shilingi 150,000. Viza inamtaka Dar es Salaam, karibu kilomita 500: nauli, gesti, chakula, picha. Mkataba unasema atarudishiwa akileta risiti. Nyumbani mama yake ni mkulima wa viazi, na magunia mawili yaliyobaki ghalani ni mbegu ya msimu ujao. Mwenzake ambaye baba ana mshahara anapigiwa simu tu, hela inaingia jioni. Wamefaulu sawasawa, lakini anayepanda ndege ni mmoja. Kwangu mimi, neno hilo “atarudishiwa” linachuja wanafunzi kuliko mtihani.

Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuwapeleka wanafunzi kusoma nchi nyingine, ulioanza mwaka 1987, umeufanya ujumuishi kuwa kipaumbele katika awamu ya 2021 hadi 2027. Mwanafunzi mwenye fursa finyu huongezewa euro 250 kwa mwezi kwenye safari ndefu. Mwenye ulemavu anaweza kulipiwa gharama halisi, pamoja na za msindikizaji. Asiyeweza kuacha familia miezi mingi huenda siku 5 hadi 30, sehemu nyingine ya kozi akaisoma mtandaoni.

Huku kwetu, mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili masomo ya chuo cha nchi moja yatambuliwe na cha nchi nyingine. Hilo nalo ni ujumuishi: kozi zisipotambuliwa mtu anarudia muhula, na yule wa Makete ada ya kurudia ataitoa wapi?

Basi ukiliona tangazo, kabla hujauliza ufadhili ni kiasi gani, uliza unaingia lini: kabla ya safari ya viza, au baada ya kurudi.