Ndege wa msituni hafuatwi, hungojewa

Wanaoanza kupiga picha ndege wa msituni hunionyesha picha zinazofanana: giza, majani mengi, na mkia unaopotelea pembeni. Kisha huuliza wanunue lenzi gani. Mimi huwauliza walikaa mahali pamoja kwa muda gani. Wengi husema dakika mbili au tatu. Mbugani au ufukweni unaweza kutembea huku ukipiga picha na bado ukarudi na kitu. Ndani ya msitu wa tropiki ni kinyume: anayetembea ndiye anayeonekana, na ndege wameshahama kabla hajainua darubini.

Trogoni, ndege wa msituni wa kijani na mwekundu, ndiye aliyenikalisha chini. Mwito wake ni mzito na wa chini, milio miwili miwili, na sauti nzito ya namna hiyo hupenya majani vizuri lakini haikuambii inatoka wapi. Niliifuata mara nne asubuhi moja, na kila nilipofika ilikuwa imesogea mbele. Nikachoka, nikaketi juu ya mzizi. Baada ya kama robo saa niligundua kwamba fundo la kijani lililokuwa juu yangu lina jicho. Alikuwa amenipa mgongo, mgongo wa kijani uleule wa majani, na kifua chake chekundu amekielekeza upande wa pili. Aligeuza kichwa polepole mno, kama asiyetaka hata hewa itikisike, nikaona mdomo wa manjano. Nilipiga picha sita tu, nne zikawa safi. Tangu siku ile nikifika msituni natafuta kwanza mahali pa kukaa, ndipo natafuta ndege.

Mahali hapo pasiwe popote tu. Pazuri ni ukingoni mwa upenyo ambapo mti mkubwa umeanguka na jua linafika chini, au karibu na mti wenye matunda yaliyoiva, au penye kijito. Fika kabla hakujapambazuka, kwa sababu saa tatu za mwanzo za mchana ndizo zenye uhai. Adhuhuri msitu hunyamaza. Mvua ikikatika, keti tena. Wadudu hutoka, na ndege huwafuata.

Ukitulia, masikio yataanza kufanya kazi. Utasikia hondohondo kabla hujamwona, maana mabawa yake huvuma anaporuka. Utasikia pia kelele za mlamba, na hizo zichukulie kwa uzito. Mara nyingi mlamba huandamana na kundi la mchanganyiko, yaani ndege wa aina nyingi wanaotafuta wadudu pamoja, wengine kwenye magome, wengine chini ya majani, wengine huko juu kabisa. Msitu unaweza kuwa kimya saa nzima, ghafla ukajaa, na baada ya dakika tano ukawa mtupu tena. Hapo usihangaike na kila ndege. Chagua tawi moja lililo wazi, lenga hapo, waache wapite mbele yako.

Lakini bahati kubwa kuliko zote, kwangu, ni siafu. Wanapotandaa sakafuni mwa msitu, panzi, mende na buibui hukimbia ovyo, na kuna ndege wanaoishi kwa kuwavizia hao wanaokimbia. Barani Afrika wamo alethe. Katika misitu ya Amerika ya tropiki wako wengine, wa ukoo tofauti kabisa, wenye tabia hiyohiyo. Chomeka suruali ndani ya soksi, kaa pembeni mbele ya msafara, usikae juu ya njia yao. Alethe atatua kwenye kijiti kilicho goti moja kutoka ardhini, ainamishe kichwa, ashuke, anyakue panzi, arudi kwenye kijiti kilekile. Ndege ambaye kwa siku nyingine ni kivuli tu atakuwa hatua sita mbele yako, akiendelea na shughuli zake.

Sasa mwanga. Chini ya msitu uliofungamana hufika takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya mwanga unaopiga vilele vya miti. Ndiyo maana darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi yake ya mbele ikiwa na upana wa milimita 42) huishinda ya 10x42 msituni: gawanya 42 kwa 8, upate mwale wa zaidi ya milimita 5 unaoingia jichoni, kwa 10 ni milimita 4.2, na eneo unaloliona kwa kawaida huwa jembamba zaidi. Kwenye kamera, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, usiogope ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200 au 6400, na ndege akitulia shusha kasi ya shata hadi 1/160 ya sekunde, kamera ikiwa juu ya stendi. Chengachenga za ISO husafishika; picha iliyotikisika haina dawa. Ndege akiwa juu, na nyuma yake ni mbingu nyeupe, ongeza mwangaza hatua moja au mbili, la sivyo utabaki na kivuli cheusi. Piga faili ghafi (RAW), ambayo rangi zake hurekebishika baadaye, kwa kuwa mwanga uliochujwa na majani hupaka kila kitu ukijani.

Chozi, ndege mdogo anyonyaye maua, anahitaji subira yake peke yake. Mng'ao wa manyoya yake hautokani na rangi bali na umbo la manyoya yenyewe, hivyo akigeuka kidogo tu anakuwa mweusi. Ngoja akuelekee. Shorobo, ndege mkubwa zaidi wa vileleni mwa miti, hana shida hiyo: kijani chake na wekundu wa mabawa ni rangi halisi, zenye shaba ndani yake.

Kucheza sauti iliyorekodiwa ili ndege atokeze, mimi nimeacha. Huyo anayekuja mbio anaamini mpinzani amevamia eneo lake. Anaacha kula, anaacha kiota, anapigana na spika. Na majani yanayofunika kiota usiyakate hata moja, kwani ndiyo yanayowazuilia makinda jua na maadui.

Kwa hondohondo ninasisitiza zaidi. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa, ukabaki ufa mwembamba, na kwa wiki nyingi analishwa na dume kupitia ufa huo. Ukimwona dume ametua tawi la mbali, tunda mdomoni, anatazama upande wako wala hasogei, umekaribia mno. Beba stendi yako, rudi nyuma hadi atakaporuka kwenda mlangoni.