Fosforasi haijakwisha, imejaa pasipohitajika

Naitrojeni ipo hewani, na mikunde huivuta ikaiingiza ardhini. Fosforasi, kirutubisho kingine ambacho kila zao linahitaji, haina njia hiyo: huchimbwa kwenye mwamba wa fosfeti, yaani mwamba wenye fosforasi, na hakuna kirutubisho kinachoweza kushika nafasi yake. Ndiyo maana maneno mengi yamezushwa juu yake.

Dhana: Itakwisha duniani baada ya miongo michache.
Hofu hii ilivuma sana mwaka 2008, bei ya fosfeti ilipopaa. Lakini akiba inayojulikana inazidi tani bilioni 70, nasi tunachimba chini ya tani milioni 300 kwa mwaka. Cha kuogopesha zaidi ni mahali ilipo: karibu asilimia 70 iko Moroko na Sahara Magharibi.

Dhana: Mbolea ambayo zao halikuichukua msimu huu imepotea.
Ni kweli kwamba msimu wa kwanza zao huchukua sehemu ndogo, mara nyingi chini ya robo. Inayobaki hunaswa na chuma na alumini kwenye udongo wenye asidi, au na kalsiamu kwenye udongo wenye chokaa. Hata hivyo sehemu yake kubwa huachiliwa polepole miaka inayofuata. Shamba lililolishwa fosfeti kwa miongo kadhaa linaweza kupunguziwa mbolea kwa miaka bila mavuno kushuka. Shamba lililovunwa mwaka hadi mwaka bila kurudishiwa chochote linahitaji kuongezewa, tena kwa haraka. Kumwambia kila mkulima "punguza mbolea" bila kupima udongo wake ni kumwonea yule ambaye ardhi yake ina njaa.

Dhana: Mfuko wa mbolea ya DAP ulioandikwa 46 una asilimia 46 ya fosforasi.
Hesabu hiyo inajumlisha na oksijeni iliyoungana na fosforasi. Fosforasi yenyewe ni asilimia 20 hivi.

Dhana: Samadi ni ya asili, haiwezi kudhuru maji.
Ukilinganisha na naitrojeni yake, samadi ina fosforasi nyingi kuliko mahitaji ya zao. Anayeimwaga mpaka naitrojeni itoshe huwa amepitiliza fosforasi, na kila mwaka inarundikana. Mvua ikisomba udongo huo hadi ziwani, viumbe wa kijani hufumuka majini, na baadhi yao hutoa sumu. Agosti 2014, sumu ya namna hiyo katika Ziwa Erie iliwazuia watu wapatao 400,000 wa Toledo, Marekani, kunywa maji ya bomba. Fosforasi inayolilisha ziwa hilo hutoka zaidi mashambani, kwenye mbolea ya viwandani na kwenye samadi pia.

Dhana: Kuirejesha kutoka kwenye majitaka ni ndoto.
Fosforasi ya kwanza kabisa kutenganishwa na binadamu ilitoka kwenye mkojo, kazi ya mwanaalkemia Hennig Brand huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1669. Leo mitambo ya majitaka huivuna kama chembe za struvaiti, madini yenye fosforasi, zinazowekwa shambani. Ujerumani, kwa kanuni za mwaka 2017, imeiagiza mitambo yake mikubwa ianze kuirejesha kutoka kwenye tope lake ifikapo 2029.